Stima Imepotea na Geti Ni ya Kesho? Hivi Ndivyo Utakata Chuma kwa Mkono

Olkaria imekuwa ikitoa stima tangu 1981, lakini muulize fundi yeyote pale Kabati ama Karagita: stima ikienda, grinda inabaki pambo tu. 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote ilikaa giza. Mteja ashalipa dipo, na hizo stori zako za giza hataki kuzisikia.

Sasa shika msumeno wa chuma. Wasee wengi huuchukia juu wanautumia vibaya: wanasukuma mbio, wanakandamiza kwenda na kurudi, bledi inakatika, doh inaenda.

Anza na meno. Bledi huwa na namba, 18, 24 ama 32. Hayo ni meno kwa kila inchi. Kati ya hayo, angalau matatu yawe yamekanyaga chuma wakati mmoja. Nondo ya milimita 12 inakubali 18 bila stori. Lakini tyubu ya geti yenye ukuta wa milimita 1.5 ni noma: ukuta unaingia katikati ya meno, jino linakwama, linang'oka, na moja likienda mengine yanafuata. Chukua 32, na ulaze msumeno kidogo ndio meno mengi yashike. Ukitoboa upande mmoja, geuza tyubu uingie mwingine.

Meno yaangalie mbele, juu msumeno unakata ukisukuma. Kurudi hakuna kazi unafanya, so toa uzito. Mara 40 hadi 60 kwa dakika inatosha, yaani hata kupiga stori unaweza. Mbio zaidi inaleta moto, na moto unamaliza makali. Halafu tumia bledi yote. Buda, uliilipia sentimita 30, si zile kumi za katikati.

Chuma ikae kwa vaisi, alama ya kukata ikiwa karibu na vaisi ndio isitetemeke. Kukanyaga na slipas juu ya jiwe, hiyo ni kutafuta hosi.

Bledi ikiisha katikati ya kazi, usiingize mpya kwa mfereji wa zamani. Meno yaliyolika huacha mfereji mwembamba, mpya itakwama ikatike. Geuza chuma uanze upande mwingine.

Zikibaki milimita mbili, punguza nguvu na ushike kile kipande. Kikiachilia ghafla, mkono unaruka mbele na vidole vinapatana na ile ncha mpya.