Je, Wajua? Chokaa Huweza Kujijenga Nje ya Mifupa

Kuna uvimbe mgumu kama jiwe unaoota nyongani, begani au kwenye kiwiko, ukakua polepole kwa miaka, mara nyingi bila maumivu. Wengi hudhani ni saratani au jipu la kifua kikuu. Kumbe huenda ni kalsiamu iliyojikusanya kwenye nyama laini kandokando ya kiungo. Daktari Inclan wa Cuba ndiye aliyeupa jina la kitabibu mwaka 1943.

Katika koo fulani ugonjwa huu hurithiwa. Mfupa hutengeneza homoni inayoziamuru figo zitoe fosfeti kwenye mkojo; jeni ikiharibika, amri hiyo haifiki. Fosfeti hubaki kwenye damu, hukutana na kalsiamu, na chokaa hutuama. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu naye anaweza kupata uvimbe unaofanana na huu, lakini chanzo chake ni tofauti.

Picha ya eksirei huonyesha mabonge meupe yaliyoshikamana. Ukipasuka, uvimbe hutoa maji mazito meupe kama chokaa ya ukutani. Tafadhali usiukamue wala usiuchanje nyumbani: kidonda chake hupona kwa shida na huingia vijidudu upesi.

Upasuaji husaidia, ila mabaki yakiachwa uvimbe hurudi. Kwa hiyo kipimo cha fosfeti na cha figo kitangulie kisu. Fosfeti ikiwa juu, daktari huagiza dawa za kuizuia tumboni na hushauri kupunguza maziwa, dagaa na soda nyeusi.