Kompyuta Mpakato ya Zamani katika Mtandao wa Nyumbani

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa shughuli zake zinahamia Dodoma, nyumba nyingi mpya zimejengwa pembezoni mwa Jiji, Mkonze ikiwemo. Pamoja na makabati na vitanda, familia zimehama na vifaa vyao vya kielektroniki vya miaka iliyopita. Tuchukue mfano wa kaya moja. Mama, mtumishi wa umma, ana kompyuta mpya. Mwanawe aliye chuoni ana yake. Na juu ya kabati ipo kompyuta mpakato ya marehemu babu, iliyonunuliwa mwaka 2002, inayotumia mfumo endeshi wa Windows XP. Ndani yake mna picha za harusi, barua, na nakala ya hati ya shamba ambayo karatasi yake halisi haijulikani ilipo. Fundi anaitwa aje “kuiunganisha na zile nyingine”. Hapo ndipo kosa kubwa huweza kutendeka: ili kuipokea kompyuta moja kuukuu, ulinzi wa nyumba nzima unashushwa.

Kuunganisha kunawezekana, tena bila gharama kubwa. Kinachotakiwa ni kuchagua njia isiyoifikisha kompyuta hiyo kwenye intaneti.

Kabla ya kuunganisha

Mtumiaji anashauriwa kuisafisha kompyuta kwanza. Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi huziba feni, na kompyuta iliyokaa miaka mingi bila kuwashwa hupata joto haraka inapofanyishwa kazi ndefu. Betri yake isitegemewe; kazi ifanyike wakati umeme ni wa uhakika. Mafaili yanakiliwe, yasihamishwe, ili umeme ukikatika katikati ya kazi yale ya asili yabaki salama mahali pake. Endapo diski itatoa mlio wa kugongagonga, izimwe papo hapo. Fundi anaweza kuichomoa na kuisoma kwenye kompyuta mpya kwa kiunganishi cha USB, ila aelezwe mapema kwamba ni diski ya aina ya zamani, kwa kuwa pini zake hazifanani na za diski za sasa.

Wengi watauliza kwa nini wasitumie flashi tu. Kwa mafaili machache flashi inatosha. Lakini matundu ya USB ya kompyuta nyingi za wakati huo ni ya toleo la 1.1, ambalo kasi yake haizidi megabiti 12 kwa sekunde. Kunakili gigabaiti 20 kwa kasi hiyo kungechukua karibu saa 4 hata kama kasi yote ingepatikana, jambo ambalo kwa kawaida halitokei. Tundu la waya wa mtandao la kompyuta hiyo hiyo mara nyingi lina kasi ya megabiti 100 kwa sekunde. Hesabu ileile inatoa chini ya nusu saa.

Waya kati ya kompyuta mbili

Ruta nyingi za majumbani ni ndogo, zinatumia laini ya simu, na baadhi hazina tundu la waya hata moja. Hilo lisikusumbue. Waya mmoja wa mtandao unaweza kuziunganisha kompyuta mbili moja kwa moja, bila ruta. Kompyuta za kisasa hutambua zenyewe aina ya waya uliochomekwa, na hupunguza kasi yao ili zilingane na ile ya zamani. Kama kompyuta mpya haina tundu la waya, kiunganishi cha kuchomeka kwenye USB kitafaa.

Zima kwanza waifai ya kompyuta mpya. Kisha zipe kompyuta zote mbili anwani za mtandao kwa mkono: moja 192.168.10.1, nyingine 192.168.10.2, na zote kinyago cha 255.255.255.0. Sehemu ya lango iachwe wazi. Kwa mpangilio huu, kompyuta ya babu inaiona kompyuta moja tu duniani, nayo haionwi na mtu mwingine yeyote.

Mtego wa itifaki ya zamani

Waya ukishachomekwa, familia itagundua kuwa folda za upande mmoja hazifunguki upande wa pili. Sababu ni kwamba Windows XP hugawana mafaili kwa itifaki ya SMB1 pekee, na tangu mwishoni mwa mwaka 2017 matoleo mapya ya Windows huja bila itifaki hiyo kuwashwa. Fundi mwenye haraka ataiwasha kwenye kompyuta mpya, folda zitafunguka, atalipwa na kuondoka. Itifaki itabaki imewashwa.

Haikuondolewa bure. Mwezi Mei 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipenya kupitia udhaifu wa itifaki hiyo, ikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 100 na kudai fidia ili iyafungue. Hospitali nchini Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Windows XP yenyewe iliacha kupewa maboresho ya kawaida ya usalama tarehe 8 Aprili 2014.

Ipo njia nyingine. Weka kwenye kompyuta mpya programu ndogo ya seva ya FTP. Zipo za bure, na FileZilla Server ni mojawapo. Itengenezee folda moja tupu na nenosiri ambalo hulitumii popote pengine, na uiruhusu katika kinga ya kompyuta hiyo. Kisha, kwenye kompyuta ya zamani, fungua dirisha la mafaili na uandike ftp:// ikifuatiwa na anwani ya kompyuta mpya. Folda itaonekana, nawe utanakili ndani yake. FTP hupitisha nenosiri bila kulificha, na kwa sababu hiyo haifai kwenye intaneti. Kwenye waya wenye ncha mbili ndani ya sebule yako, hakuna wa kulidaka.

Kuhusu waifai

Kompyuta ya umri huo, kama ina waifai, huona masafa ya gigahezi 2.4 tu, na Windows XP isiyo na maboresho ya mwaka 2008 kwa kawaida haiwezi kutumia ulinzi wa WPA2. Usikubali ruta yako irudishwe kwenye WEP, ulinzi ambao udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2001, wala iachwe bila nenosiri. Laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Jirani akimaliza bando lako hasara ni ndogo. Mtu asiyejulikana akitenda kosa la mtandaoni kupitia laini hiyo, maswali yataanzia kwako. Iwapo fundi aliwahi kubadilisha mpangilio wa ruta yako, ingia uukague leo. Unaponunua ruta mpya, muulize muuzaji kama aina hiyo imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na udai risiti.

Fundi akilazimika kuondoka na kompyuta au diski, andikishianeni anachochukua na tarehe ya kurejesha. Picha na nyaraka zilizomo ni taarifa binafsi, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kunakili kukiisha, fungua mafaili kadhaa upande wa kompyuta mpya, hasa ile hati, uhakikishe yanasomeka mpaka mwisho. Yapitishe kwenye programu ya kukagua virusi. Tengeneza nakala ya pili kwenye diski ya nje, na uiweke nyumba nyingine ikiwezekana. Mwisho chomoa waya, ondoa programu ya FTP, rudisha mpangilio wa anwani ulivyokuwa, ndipo uwashe tena waifai.