Sura ya Tano: Tela Lililotiwa Gadi

Katika nchi za Marekani na Kanada, ambako jamaa nzima huweza kukaa siku nyingi za kiangazi ndani ya tela la malazi lililoegeshwa kando ya ziwa au chini ya misonobari, liko jambo moja linalomstaajabisha kila mgeni wa safari hizo usiku wake wa kwanza, nalo ni kwamba nyumba ile, iliyokuwa imetulia mchana ilipokuwa tupu, huyumba mara tu mtu mmoja anapojigeuza kitandani, na mtoto akiinuka kwenda msalani basi vikombe vya kabatini navyo hutangaza habari zake. Mgeni huyo aghalabu hudhani kwamba kasoro imo katika zile jeki nne zilizo chini ya pembe za tela, kwamba hazikukazwa vya kutosha, na asubuhi yake huzizungusha kwa nguvu zake zote. Na kwa kufanya hivyo hujiongezea adha pasipo kupunguza mtikiso.

Asili ya jambo hili ni kwamba tela liliundwa lipate kutikisika. Gurudumu likiingia shimoni, sharti springi zipinde na mpira wa tairi ubonyee, ili pigo lile liishie chini lisifike kwenye kuta na madirisha na sahani. Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya Airstream, alipoongoza mwaka 1959 msafara wa matela yapatayo 40 kutoka Cape Town kwenda Cairo, ukipita hata katika Kenya na Ethiopia kwa njia ambazo nyingi hazikuwahi kuona lami, ulaini huo ndio uliokuwa amana ya wasafiri wale. Walakini springi haijui kwamba safari imekwisha. Tela likisha kufunguliwa kutoka kwenye gari la kulivuta, hubaki limekaa juu ya ekseli moja au mbili zilizo karibu na kati yake, pua yake ikitegemea jeki moja tu, na kila hatua ya mtu aliye ndani huipa springi kazi ile ile iliyofanya barabarani.

Mtikiso wenyewe, ukitazamwa kwa makini, si wa namna moja. Upo ule wa pua kuinama na mkia kuinuka, mtu anapotembea kutoka upande wa kitanda kwenda upande wa jiko; upo wa kwenda mbele na kurudi nyuma, kwa sababu magurudumu huviringika kidogo hata yakiwa yamewekewa kabari; na upo wa ubavu kwa ubavu, ambao ndio mbaya kuliko yote kwa walalao, maana tela ni refu kwenda juu na jembamba, ilhali springi zake ziko chini kabisa. Jeki za pembeni huponya ule wa kwanza vizuri sana. Hiyo miwili mingine haizihusu ila kidogo, kwa kuwa kazi ya jeki ni kukataza kitu kushuka, nayo miwili hiyo haishuki bali huenda kando.

Mabaharia wa pwani yetu wanaijua kanuni hii tangu zama za kale: chombo kilichopwelewa hutiwa gadi ubavuni, nazo husimamishwa kwa mshazari, ncha moja mchangani na ya pili ikiusukuma ubavu, kwani nguzo iliyosimama wima chini ya chombo huweza kuubeba uzito wake wote na bado isiweze kukizuia kisilale.

Kabla ya kufika kwenye gadi, hata hivyo, pana utaratibu wa kuliweka tela, na asiyeufuata hana budi kuanza upya. Usawa wa kulia na kushoto hutafutwa kwanza, tela likiwa bado limefungwa garini, kwa kulipandisha gurudumu la upande ulioinama juu ya mbao, huku pima maji ikiwa sakafuni. Usawa huu si wa anasa ya mwenye kulala peke yake; majokofu mengi ya matela hufanya kazi kwa gesi na amonia inayotiririka kwa uzito wake wenyewe ndani ya mabomba, na yakiinama kupita kiasi huacha kupoza, hata huharibika. Kisha magurudumu hutiwa kabari mbele na nyuma. Kisha ndipo tela hufunguliwa, na jeki ya puani ikainuliwa au kushushwa mpaka mbele na nyuma kulingane. Jeki za pembeni huja mwisho, wakati hakuna tena kitu cha kuinua. Mtu anayezitumia kuliinua tela hupindisha fremu, na fremu iliyopindika hujulikana upesi, kwani mlango hukataa kufunga.

Mambo ya magurudumu hutofautiana kwa nchi. Tela la Ulaya aghalabu lina breki ya mkono, nayo ikivutwa huyashika magurudumu yasiviringike. La Marekani kwa kawaida lina breki za umeme zinazoamrishwa na gari la mbele, na waya ukisha kuchomolewa hakuna kinachoyashika ila kabari. Ndiyo maana wenye matela ya ekseli mbili hutia kibano cha skrubu kati ya tairi za ubavu mmoja, kikaisukuma moja mbele na nyingine nyuma, na mtikiso wa mbele na nyuma ukapungua hapo hapo. Kwa rai yangu hakuna fedha ndogo inayoleta faida kubwa kuliko hiyo. Kibano hicho hakiondoi haja ya kabari za chini, wala hakikazwi kupita kiasi, kwa kuwa tairi huvimba juani.

Sasa tuje kwenye miguu. Chuma kilichoshikwa juu na kusukumwa kando kwa chini hupinda kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha urefu wake. Yaani mguu ukiwa mrefu mara mbili, nguvu ile ile huupindisha mara nane. Hesabu hii, inayomkinaisha mwanafunzi darasani, ni rehema kubwa kambini. Mguu ulionyooka unaoteremka sentimita 40 hadi ardhini, ukiwekewa chini yake mbao za kimo cha sentimita 20, huwa mgumu takriban mara nane, na gharama yake ni mabaki ya seremala. Mbao hizo zipangwe kwa kupishana, safu moja ikikata nyingine, na ya chini kabisa iwe pana, ili uzito uenee na mguu usididimie mvua ikinyesha. Jeki za mkasi hazifuati hesabu hiyo kwa usahihi, lakini nazo hulegea kadiri zinavyopanda. Tena huwa ngumu zaidi upande ule mikono yao inakotanukia kuliko upande wa pili, jambo ambalo mwenye kuzifunga anapaswa kulifikiri kabla ya kutoboa fremu.

Ipo pia hila ya wazoefu. Wakisha kupata usawa, huishusha pua ya tela kiasi cha vidole viwili, wakateremsha jeki za nyuma mpaka ziguse mbao, kisha huirudisha pua mahali pake. Nao mkia, kwa kushuka, huzikalia jeki zile kwa uzito wa kutosha kuzitia ukakamavu, pasipo mtu kuzikaza kwa mkono. Baadaye jeki za mbele hukazwa kidogo tu.

Haya yote yakikamilika hubaki mtikiso wa ubavu, ambao dawa yake ni gadi. Umbo la pembe nne lililofungwa kwa pini husukumika likalala bila chuma chake hata kimoja kupinda. Pembetatu haiwezi kubadilika umbo mpaka upande mmoja urefuke, ufupike au uvunjike. Kwa hiyo huwekwa vyuma vya mshazari, kimoja kikiingia ndani ya mwenzake ili urefu wake uweze kurekebishwa, vikashikizwa kwenye wayo wa jeki na kwenye fremu: jozi moja ikikingama na tela, kwa ajili ya ubavu, na jozi nyingine ikilifuata kwa urefu wake. Hukazwa baada ya jeki kutua, na hulegezwa kabla ya jeki kuinuliwa, la sivyo hujikunja.

Asubuhi ya pili inafaa kila kiungo kikaguliwe, maana mbao huwa zimekaa ardhini na tairi zimepoa. Upepo mkali wa ubavuni bado utasikika. Tairi hubonyea hata ikishikwa vipi, na dawa yake ni kuliegesha tela pua ikiuelekea upepo, kama kiwanja kinaruhusu. Siku ya kuondoka gadi hulegezwa kwanza, jeki zikafuata, tela likafungwa garini, na kabari ndizo za mwisho kutolewa.