Baiskeli hadi Lunga Lunga: Upepo ndio mlima

MSAFIRI wa baiskeli atokaye Timbwani, Likoni, kuelekea mpakani Lunga Lunga, mwendo wa karibu kilomita 100, hana milima mirefu ya kupanda. Mlima wake ni upepo.

Tangu Aprili hadi Septemba, kusi humvumia usoni. Akishindana nao kwa kasi huchoka upesi. Heri atumie gia nyepesi. Dafu la Ukunda, baada ya zaidi ya kilomita 20 za jasho, lina utamu usiojulikana na abiria wa matatu.

Lakini udanganyao ni upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Humsukuma mgongoni hadi mpakani, naye akajiona hodari. Kumbe wakati wa kurudi ataukuta mbele, miguu imechoka, jua kali, na malori yakimpita karibu.