Namba ya Simu Kama Pasiwedi

Simama Sakina, Arusha, jioni ukisubiri daladala, ufungue orodha ya Wi-Fi kwenye simu. Itajaa mitandao ya nyumba usizozijua: majina ya koo, majina ya kampuni zilizouza ruta yakifuatwa na tarakimu, na hakosekani mmoja aliyemwandikia jirani utani. Hakuna kilichoharibika hapo. Ruta ni kituo kidogo cha redio, na mawimbi hayajui kiwanja cha nani kinaishia wapi. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta wa bloku na kutokea upande wa pili yakiwa yamepungua nguvu tu. Ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ila ukuta huyachosha mapema.

Arusha ina jambo lake la ziada, nalo ni mteremko. Ilboru na Sekei zimekaa miguuni pa Mlima Meru zikiutazama mji kwa chini, na redio hupenda mahali pasipo na kizuizi. Mwaka 2007, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha Wi-Fi katika milima ya Venezuela kwa umbali wa kilomita 382, ambao ni mrefu kuliko wa kutoka hapa hadi Nairobi. Walitumia antena kubwa za kuelekezwa na ruta zilizorekebishwa, na sidhani kuna mtu atakayepandisha dishi Ilboru kwa ajili ya bando lako. Hata hivyo, simu yako kupoteza Wi-Fi ukifika getini si ushahidi kwamba nje hakuna anayeisikia.

Kwa kuwa mawimbi hayazuiliki, kinachobaki ni kuyafumba. Njia ya kwanza, WEP, ilitoka 1997, na kufikia 2001 wataalamu walikwisha kuonyesha namna ya kuivunja. WPA2, ambayo bado ndiyo iliyo kwenye nyumba nyingi, ilikuja 2004, na fumbo lake ni imara. Udhaifu uko kwetu sisi tunaochagua pasiwedi.

Simu inapojiunga, pasiwedi yenyewe haipiti hewani. Ruta hutuma namba ya kubahatisha. Simu hujibu kwa namba yake pamoja na muhuri uliokokotolewa kutokana na pasiwedi, jina la mtandao na namba hizo mbili. Ruta hupiga hesabu ileile, na muhuri ukilingana, mlango unafunguka. Ni ustadi mzuri, isipokuwa kwamba aliye karibu anaweza kurekodi mazungumzo hayo yote. Akiwa na haraka, hutuma ujumbe wa kughushi unaoikata simu yako. Nayo, bila wewe kujua, hujiunga tena papo hapo mbele ya kinasa chake. Kisha anaondoka. Hana haja ya kukaa nje ya ukuta wako akijaribu pasiwedi mojamoja: anakwenda kwake na kuiachia kompyuta ikisie mpaka muhuri ulingane.

WPA2 inajitahidi kumchelewesha. Kila kisio hupitishwa kwenye hesabu inayorudiwa mara 4,096. Lakini kadi moja ya michoro ya wacheza gemu, ya mwaka 2016, inamudu makisio kama 400,000 kwa sekunde.

Sasa chukua pasiwedi inayopendwa kwenye nyumba zetu: namba ya simu ya mwenye nyumba. Namba zetu zina tarakimu kumi na huanza na 06 au 07. Zinabaki nane za kukisia, yaani namba milioni 200 kwa jumla. Kadi ile inazimaliza zote ndani ya dakika tisa. Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto ukibandikwa kwenye jina lake ni kazi nyepesi zaidi.

Dawa yake haihitaji alama za ajabu ambazo hata mwenyewe utazisahau. Andika maneno 2,000 ya kawaida, uchague matano kwa kura: tanuri, kobe, shangazi, bati, umande. Hata mtu akiwa na orodha yako nzima, kadi moja kama ile ingehitaji zaidi ya miaka 2,500 kuipitia michanganyiko yote. Kura iwe kura kweli. Methali usitumie, mdukuzi naye kasoma shule ya msingi.

Ruta ina pasiwedi ya pili, na hii ndiyo husahaulika: ile ya kuingia kwenye mipangilio yake. Mara nyingi imebaki kama ilivyotoka kiwandani, au anaijua fundi aliyekuja kufunga. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilitwaa kamera na ruta kwa maelfu duniani kwa kujaribu tu pasiwedi sitini na kitu za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba jeshi hilo la vifaa liliiangusha Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, na Twitter na Netflix zikakosekana kwa watu wengi. Aliyeingia kwenye mipangilio anaweza kubadilisha seva inayoiambia simu yako tovuti fulani iko wapi, akakupeleka kwenye ukurasa bandia. M-Pesa ya *150*00# haipiti kwenye Wi-Fi, kwa hiyo hofu ya kuibiwa salio kwa njia hiyo imetiwa chumvi. Barua pepe ni hadithi nyingine.

Kwenye nyumba za kupanga, ambako wapangaji wanne wanachangia ruta moja, washa mtandao wa wageni na ubadilishe pasiwedi kila mpangaji anapohama. Zima WPS pia, ile njia ya kujiunga bila kuandika pasiwedi: PIN yake ya tarakimu nane hukaguliwa nusu kwa nusu na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu, hivyo makisio 11,000 yanatosha kuipata. Udhaifu huo ulitangazwa 2011. Na ruta ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, yote haya yanafutika. Itabidi uyapange upya.

WPA3, iliyotangazwa 2018, inaondoa mwanya wa mdukuzi kukisia akiwa kwake: kila kisio sharti kipite kwenye ruta yenyewe. Ruta ikikupa hali ya WPA2 na WPA3 kwa pamoja, ichague. Simu mpya zitatumia WPA3, na televisheni ya zamani itaendelea na WPA2, kwa pasiwedi ileile. Kwa hiyo yale maneno matano bado unayahitaji.