Seva moja isiukwamishe ushirika siku ya malipo

SIKU ya malipo ya kahawa haina msamaha. Wanachama hushika simu kwa wakati mmoja, kila mmoja akitaka kujua kilo zake, makato ya pembejeo na salio lake. Mfumo wa kompyuta ukielemewa, malipo hukwama. Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa hatasubiri. Atamwendea mlanguzi na kuuza kahawa ikiwa bado mtini, ile biashara ambayo wenzetu wa Kagera huiita butura.

Viongozi wengi wakipatwa na hali hiyo hufikiria kununua seva kubwa zaidi, yaani kompyuta inayohudumia wateja wote. Kiuchumi, hapo wanaweka mayai yote katika kapu moja. Seva hiyo ikiharibika, kazi yote husimama.

Njia iliyo bora ni kuwa na seva kadhaa za wastani, na mbele yake kuweka kigawa mzigo. Kazi yake ni kama ya karani wa kituo cha kununulia mazao chenye mizani tatu: huangalia foleni na kumwelekeza kila mwenye gunia kwenye mizani iliyo na nafasi.

Kwanza, amueni njia ya kugawa. Seva zikilingana nguvu, zipokee kwa zamu. Moja ikiwa na nguvu mara mbili ya nyingine, ipangiwe mafungu mawili na ndogo fungu moja. Kazi zikitofautiana urefu, mteja apelekwe kwenye seva yenye wateja wachache wakati huo.

Pili, washeni ukaguzi wa seva. Programu ya HAProxy, isipopangiwa vingine, huikagua kila seva baada ya sekunde 2. Ikishindwa mara 3 mfululizo huondolewa kwenye zamu, na ikifaulu mara 2 hurudishwa.

Tatu, pigeni hesabu ya akiba. Tuseme siku ya kilele huleta maombi 300 kwa sekunde, na seva moja hubeba 150. Msinunue mbili, nunueni tatu. Moja ikifa, mbili zilizobaki zitatosha.

Nne, kigawa mzigo chenyewe kiwe na mwenzake wa akiba. Karani akiugua na hana msaidizi, mizani zote tatu hazina maana.

Gharama isiwatishe. HAProxy ya Mfaransa Willy Tarreau, iliyotolewa mwaka 2001, na nginx ya Mrusi Igor Sysoev, iliyotolewa mwaka 2004, zote zina toleo lisilo na ada ya leseni. Mtalipia mashine na fundi anayeijua kazi.

Tahadhari moja: seva zote zikisoma daftari moja la wanachama lililo kwenye mashine dhaifu, foleni itahamia huko. Kuongeza seva za mbele hakutasaidia. Mwambieni fundi apime kwanza mzigo unakwama wapi.

Basi, ndugu msomaji, kabla ushirika wako haujasaini mkataba, mwombeni mwenye kampuni afanye jambo moja mbele ya kamati: azime seva moja wakati watu wanaendelea kuangalia salio zao. Huduma ikiendelea, lipeni. Ikikatika, mjue hata siku ya malipo itakatika.