Morogoro, Mji Kasoro Bahari

Mkenya anayeshuka Morogoro kwenye treni ya umeme kutoka Dar es Salaam huelewa upesi kwa nini Watanzania huuita mji kasoro bahari. Milima ya Uluguru imeuinamia mji kiasi kwamba kila barabara huonekana kuishia mlimani. Ndiko alikotokea Mbaraka Mwinshehe, ambaye nyimbo zake tunaziimba huku kwetu hadi leo, na ambaye alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979.

Majengo ya kikoloni yapo. Kuna Boma la Wajerumani, na kituo cha reli ya zamani iliyofika hapa mwaka 1907, ikifuatwa na mashamba ya mkonge. Juu mlimani ipo nyumba ya Morningside, walikopumzika Wajerumani wakikimbia joto la bondeni. Lakini si wao walioanzisha makao haya. Mtawala wa Kiafrika, Kisabengo, alikuwa ameshajenga ngome ya Simbamwene, na mpelelezi Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta binti wa Kisabengo ndiye mtawala.

Ukoloni wenyewe unasomeka zaidi kwenye miteremko. Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, na ardhi yao hurithiwa kupitia ukoo huo. Baada ya vita vya pili vya dunia, Waingereza waliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na mara nyingi jembe lilifukua udongo usio na rutuba. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, milimani humo, kupinga. Polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukaachwa. Nawaheshimu sana wakulima wale. Hadi leo kina mama hushuka alfajiri na ndizi na mboga kichwani kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu, na maji ya Mto Ruvu, yanayoanzia milimani humo, ndiyo yanywewayo Dar es Salaam. Msitu ukikatwa huko juu, jiji zima litaona kiu.

Raia wa Afrika Kusini wameingia Morogoro mara mbili, kwa nia mbili tofauti kabisa. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Smuts wa Afrika Kusini yaliuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Mwaka 1969 chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kikiwa uhamishoni, kilifanya hapa mkutano wake mkubwa, na miaka michache baadaye Tanzania ikakipa Mazimbu, shamba la zamani la mkonge. Wakimbizi wakajenga shule, nyumba na hospitali, na shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Mwaka 1992 walikabidhi kila kitu kwa Tanzania. Sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na makaburi ya waliofia uhamishoni yangalipo. Mgeni mwenye siku moja tu mjini aanzie huko, Boma litamsubiri.